Bunduki Tuliyoiita Jarit

Asubuhi ile tuligombana juu ya omena, dagaa wa ziwa letu, mimi na Boke. Nilikuwa nimeletewa kifurushi kutoka nyumbani Muhuru Bay na mwenzetu aliyetoka likizo, nikakifungua ndani ya kontena letu la kulala. Boke alitoka nje mbio, taulo puani.

"Wewe Atieno, hii kitu inanuka mpaka hao wanajeshi watafikiria tumeshambuliwa."

"Mtu wa ng'ombe atajua nini," nikamwambia. "Wacha nikaange na nyanya, utakuja tu na sahani."

Alikuja na sahani. Nyumbani pengine tungepitana sokoni Migori bila hata salamu, yeye Mkuria wa Kegonga na mimi Mjaluo wa ziwani, kila mmoja na yale aliyofundishwa utotoni kuhusu watu wa mwenzake. Kule jangwani tulikuwa watu wa kaunti moja, na hilo lilitosha. Kwa kuwa Kikuria sikijui na Kijaluo hakukijua, Kiswahili chetu cha barabarani ndicho kilichotulea.

Kazi yetu ilikuwa kufua nguo za wanajeshi wa kigeni katika kambi kubwa yenye uwanja wa ndege. Nchi sitaitaja. Kuna watu wetu wangali huko, na sitaki maneno yangu yawaponze. Nitasema tu kwamba vita havikuwa vyetu wala vya wenyeji peke yao, na kwamba mara kwa mara kulikuwa na watu nje ya ua waliorusha roketi na droni kuja ndani.

Aliyetupeleka alikuwa mtu wa kwetu. Bwana Odhiambo alitoka Homa Bay, mzee mwenye sauti ya upole na shati lililopigwa pasi saa zote. Alikuwa msimamizi wa wafuaji wote. Mimi nilimwita Jaduong', kama tunavyomwita mzee wa heshima, na Boke akafuata, ingawa ulimi wake uliligeuza neno likawa kitu kingine kabisa. Alipotuandika kazi, katika hoteli moja pale Migori, aliniambia nisiwe na wasiwasi, mtoto wa nyumbani hawezi kuachwa. Nilimwamini kama ninavyoamini kwamba ziwa lina maji.

Wiki za mwanzo tuliishi kwa woga. King'ora kililia, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikatoka kwenye vipaza sauti kutuonya, nasi tukakimbilia handaki la zege, tukabanana humo na watu wa lugha zote. Ndipo tulipoanza kuijua bunduki.

Ilikaa juu ya trela, upande wa ndege. Ilikuwa na kichwa cheupe cha duara na mitutu mingi iliyofungwa pamoja. Hakuna mtu aliyeishika. Mitambo yake iliona roketi ikiwa bado mbali, kichwa kikageuka chenyewe, mitutu ikazunguka, na risasi zikatoka kwa wingi hata huwezi kuitenga moja na nyingine. Sisi wafuaji tuliisikia kama mtu anayepasua shuka kubwa mno. Zile risasi zilizokosa zilijipasua huko huko juu, zisije zikaangukia watu. Niliona kwa macho yangu roketi ikivunjwa angani kama chungu. Siku hiyo wanajeshi walipiga makofi, nasi tulipiga.

Mimi ndiye niliyeipa jina Jarit.

"Jarit ni nini?" Boke aliuliza.

"Mlinzi. Kama askari wa lango."

Jina likampendeza. Jioni hiyo alimpigia mama yake simu Kegonga, akaongea Kikuria kirefu, na katikati nikasikia Jarit, Jarit, huku anacheka. Aliniambia baadaye kwamba mama yake alikuwa halali vizuri tangu aondoke, na sasa amesema atalala. Hata Jaduong' alilichukua jina hilo. Wafuaji wote, Waganda kwa Wanepali, wakawa wanasema Jarit.

Kisha tukahamishwa. Matangi mapya ya mafuta ya ndege yalihitaji mahali, kwa hiyo jengo letu la kufulia, na makontena yetu ya kulala pamoja nalo, yakapelekwa ng'ambo ya pili ya kambi, karibu na ua. Tulikuwa bado ndani. Kwetu, Wajaluo kwa Wakuria, boma ni boma. Ukishapita lango na ukalala ndani ya ua, wewe ni wa mji huo, hata kama nyumba yako ni ile ya mwisho kabisa. Mwenye boma hachagui ni usingizi wa nani ataulinda. Hatukuuliza swali lolote kwa sababu hatukujua kwamba kuna swali.

Kule mwisho king'ora kilitusumbua zaidi. Kila kilipolia tuliacha mashine, tukakimbia, tukarudi, nguo zikarundikana. Wanajeshi wakalalamika kwamba sare zinachelewa. Asubuhi moja Jaduong' alikuja, akasimama kati ya mifuko ya nguo, akaongea nasi kwa ile sauti yake.

"Watu wangu, sikizeni. King'ora inalia ya kambi yote, lakini Jarit ndio inajua. Ikipiga, kimbieni. Ikinyamaza, hiyo si yenu. Endeleeni na kazi."

Tukaona ni maneno ya akili. Tena yalitupunguzia mbio. Kuanzia hapo king'ora kikilia tulinyamaza kidogo, tukasikiliza. Shuka ikipasuka, tulikimbia. Isipopasuka, Boke alisema, "Si yetu," na kuendelea kukunja. Likawa neno letu. Chai ikichelewa, si yetu. Mtu akiitwa ofisini, si yetu.

Siku ninayoisema, ile ya omena, king'ora kililia baada ya chakula cha mchana.

Boke alikuwa kwenye meza ya kukunjia shuka za hospitali ya kambi. Mimi nilikuwa nimetoka nje ili nifunge koki ya tangi la maji, nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga. Nilisimama. Yeye naye akasimama, namwona kupitia mlangoni, ameshika ncha mbili za shuka.

Tukasikiliza.

Jarit ilikuwa kimya.

Niliitazama, kwa kuwa kutoka kule ilionekana vizuri. Kichwa chake cheupe kilikuwa kimegeuka. Kilituelekea sisi.

"Si yetu," Boke alisema.

Nikainama kuifunga koki.

Sikumbuki sauti. Nakumbuka maji yakinimwagikia na jua likiwa limepotea kwa vumbi. Nakumbuka nikiita jina lake na kutoisikia sauti yangu.

Nilimkuta chini ya rundo la shuka. Alipoanza kuzikunja zilikuwa nyeupe.

Nilikaa naye mpaka walipokuja kumchukua. Katika muda huo wote niliitazama ile bunduki, nikingojea ipige, kana kwamba kupiga sasa kungesaidia kitu. Haikupiga. Kichwa kikarudi taratibu mahali pake.

Aliyenieleza ni mwanajeshi mmoja kijana aliyekuwa fundi wa ule mtambo. Alikuwa akileta sare zake kwangu na alizoea kunisalimia kwa jina. Alikuja hospitalini nilikofungwa bandeji mkononi, akakaa ukingoni mwa kiti. Kiingereza changu si kingi, lakini alisema polepole, na maneno yalikuwa mepesi.

Nilimuuliza kama bunduki ilikuwa imeharibika.

Akasema hapana. Iliiona roketi tangu ilipopaa, ikapiga hesabu itaangukia wapi. Bunduki, alisema, huambiwa mapema mahali pa kulinda. Roketi ikija pale, inaipiga. Ikiwa inakwenda kuanguka pasipo na mtu, inaiacha ipite, risasi zisiishe bure.

"Sisi tulikuwepo," nikasema.

Akaangalia mikono yake. Akasema kwenye mtambo, kule tulikohamia ni uwanja mtupu.

Nilidhani sijasikia vizuri, nikamfanya arudie. Akarudia. Kisha akaongeza jambo ambalo naona alidhani litanipunguzia uchungu. Alisema msimamizi wetu aliambiwa siku ile ile ya kuhama. Aliambiwa huku mnakokwenda bunduki hailindi, kwa hiyo king'ora kikilia, kila mara, watu wote handakini bila kungoja.

Kila mara, bila kungoja. Na Jaduong' akaja akasimama kati ya mifuko ya nguo akatuambia kinyume chake.

Nimesikia watu wakisema hasira hupoa. Yangu haijapoa. Roketi ilirushwa na adui, na adui hakuniahidi kitu. Wenye bunduki walikuwa wageni, na mgeni nilimtarajia anihesabu mwisho. Lakini huyu alikula ugali nami. Huyu aliniita mtoto wa nyumbani.

Nilirudi na jeneza la Boke. Tulimzika Kegonga, kwenye shamba la baba yake, karibu na mahindi. Mama yake hakuniuliza chochote siku hiyo. Bwana Odhiambo hakuja. Alituma salamu za pole kwa simu ya mtu mwingine.

Aliporudi nchini kwa likizo, nilimfuata Homa Bay. Amejenga nyumba nzuri mahali ambapo ziwa linaonekana lote. Alinipokea vizuri, akaagiza chai na ndazi, akauliza habari za mkono wangu. Nilimwacha amalize salamu zote.

"Jaduong', walikuambia ile bunduki haitulindi."

Hakukataa. Hilo nitampa. Alizungusha kikombe chake juu ya kisahani.

"Atieno nyathina, wewe umefanya hiyo kazi. Mngekimbia kila saa, nguo zingelala, kampuni yetu ingenyang'anywa kazi. Nyinyi wote mngerudi nyumbani mkono mtupu. Mimi nilikuwa nafikiria watu wengi."

"Boke hakuwa mtu?"

"Roketi zote zilikuwa zinaenda upande wa ndege. Zote. Nani angejua?"

"Wewe ulijua."

"Ni vita, mama. Vita haina mwenyewe."

Aliniita nyathina, mwanangu, kisha akaniita mama, katika mazungumzo yale yale. Nilimtazama nikaona kwamba analala vizuri. Nilisimama, nikamwacha na chai yake. Katika nyumba ya Mjaluo, mgeni akiondoka bila kugusa alichowekewa, mwenye nyumba anajua amekataliwa. Alinifuata mpaka mlangoni akiniomba ninywe hata kidogo. Sikunywa.

Kutoka huko nilikwenda Kegonga. Nilijiambia kwamba mama yake Boke ana haki ya kujua, lakini ukweli ni kwamba mzigo ulikuwa umenishinda kuubeba peke yangu.

Nilipofika kwenye lango la miti, mbwa wa rangi ya udongo alinitokea kwa fujo, meno nje. Nikarudi nyuma. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Jarit! Nyamaza! Jarit!"

Nilishika mti wa lango. Mbwa aliendelea kubweka. Mama alimshika shingoni, akanikaribisha, akaona uso wangu.

"Ni Boke alitoa hiyo jina," alisema. "Mimi nilimwambia, kama huko iko Jarit, hata mimi hapa nitaweka yangu. Alicheka sana kwa simu."

Tulikaa kwenye benchi nje ya jiko, nikamweleza yote. Bunduki na hesabu zake. Uwanja mtupu. Mzee wa Homa Bay na maneno aliyoambiwa, na yale aliyotuambia. Aliniangalia mdomo kama mtu anayesikiliza kwa macho. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, naye akanipa kitambaa chake.

Kisha akauliza, "Hiyo jina, kwa Kijaluo ni nini hasa? Boke aliniambia ni askari."

"Ni mlinzi, mama. Mwenye kulinda."

Ningeweza kukomea hapo. Lakini nilikuwa nimekuja kusema kweli, na lugha yangu ina neno moja kwa mambo mawili, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria siku nilipotoa jina lile kwa furaha. Rito ni kulinda. Rito pia ni kungoja.

"Na ni mwenye kungoja," nikasema. "Kwetu ni neno moja tu."

Mama alitikisa kichwa polepole.

"Basi yenu ilikuwa hiyo ya pili," alisema.

Alinipakia ndizi kwenye mfuko, akanisindikiza. Mbwa alitutangulia. Kabla hatujafika langoni alianza tena kubweka kwa nguvu, manyoya yamesimama. Nje ya ua hakukuwa na mtu, palikuwa na shamba lililovunwa na upepo tu.

Nilimuuliza mama anabwekea nini pale.

"Hakuna kitu," alisema. "Huyu hana hesabu. Akisikia kitu, anabweka."

Akamwacha abweke.