Ndege ya Edu na Mkono wa Baba

Harufu ya gundi ya viatu ilikuwa na maana moja tu kwetu Riruta. Ilikuja na watoto wa mtaani waliotoka mjini kati, chupa imebanwa chini ya pua, macho yamelegea, na mama aliyeisikia karibu na mlango wake alianza kwa kutafuta wanawe walipo kabla ya kuuliza chochote. Tulijua hivyo vizuri. Tulijua pia kwamba mzazi akinusa harufu ile kwenye fulana ya mwanawe hasubiri maelezo. Hata hivyo, likizo moja ya Agosti, baridi imekaza na mawingu yamekalia mabati, chumba chetu kilinuka gundi asubuhi hadi jioni. Mimi na kaka yangu Edu tulikuwa na furaha kubwa mno hata hatukukumbuka kwamba majirani nao wana pua.

Baba yetu alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati mbele ya ploti tulimopanga, hatua chache kutoka barabara ya Naivasha, na vitanda vyake vilisifiwa hadi Kawangware. Alikuwa pia mtu wa kupiga. Alimpiga mteja aliyemtolea maneno, alimpiga kibarua aliyepinda msumari, alitupiga sisi, na kuna siku alimpiga Mama nikiangalia. “Samaki mkunje angali mbichi,” alipenda kusema huku akifungua mshipi, na majirani waliitikia kwa vichwa. Simpambi. Nimechoka na watu wa rika langu wanaosimama kwenye sherehe kusema tulichapwa tukanyooka. Wapo waliochapwa wakavunjika, ila hao hakuna anayewapa maikrofoni. Mimi huinuka kwenda kuchukua chai mazungumzo hayo yanapoanza, maana nikibaki nitaharibu sherehe ya watu.

Ndege ilitoka Lavington. Mama alifanya kazi za nyumbani huko, kwa familia moja ya Wahindi, na kijana wao alipokwenda kusoma ng'ambo, mama mwenye nyumba alimwambia Mama achukue alichotaka kwenye chumba chake. Mama alileta blanketi, viatu, na boksi lenye picha ya ndege ya kivita ikitema moto. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, vingi vikiwa bado vimeshikana na fremu zake, ambavyo mtu huvikata na kuviunganisha hadi ndege ikamilike, ndogo ya kubebwa mikononi. Yule kijana alikuwa ameshikanisha mabawa akachoka. Chumba cha rubani hakuwa amekigusa. Edu alilipokea boksi lile kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka kumi na minne, nami kumi, na tangu akiwa mdogo, tangu ndege za jeshi zilipopita juu yetu zikijifanyia mazoezi ya sikukuu ya taifa na mabati yakatetemeka, alikuwa akisema atakuwa rubani wa kivita. Alilisema sana hata ploti nzima ikamwita Pilot. Baba mwenyewe, na hili lazima niliseme, aliwaambia wateja, “Huyu ndiye ataniinua mimi juu,” na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejivunia.

Nilidhani tungeanza na makombora, maana ndiyo yaliyonivutia. Edu alikataa. “Ndege ni pale pilot anakaa, Nekesa,” aliniambia. “Hiyo ingine yote ni mabati.” Akanionyesha kwamba nusu mbili za mwili wa ndege zikishashikana, vidole haviingii tena ndani, kwa hivyo chumba cha rubani lazima kimalizwe kwanza, hadi kitu cha mwisho, hata kile ambacho hakuna atakayekiona. Ilikuwa ndege ya watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Siku moja tulishuka mjini kwa miguu, tukasimama mbele ya wauza vitabu vikuukuu wanaotandaza barabarani, na Edu akapata gazeti la picha lililoonyesha chumba hicho kwa ndani. Alilikodolea macho mpaka muuzaji akatufukuza. Tulipofika nyumbani alichora dashibodi yote kwa kumbukumbu, kila saa na kila kitufe, akafuta, akachora tena.

Rangi tuliitoa kwenye mikebe ya Baba bila kumwuliza, na ndiyo sababu tulifanya kazi wakati yeye yuko karakanani, na jioni tukaficha kila kitu kwenye sinia chini ya kitanda, naye alirudi na pua iliyojaa vanishi asisikie harufu yoyote. Nyekundu ilitoka kwenye rangi ya kucha ya Mama. Vidole vyangu vilikuwa vidogo na havikutetemeka, kwa hivyo kazi ya sindano ilikuwa yangu. Nilichovya ncha, nikashika pumzi, nikaweka nukta nyeupe katikati ya saa iliyo ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Edu aligundua mwenyewe kwamba ukichovya brashi kwenye rangi ya kijivu, kisha ukaipangusa kwenye gazeti mpaka ikaribie kukauka, halafu ukaipitisha juujuu ya dashibodi nyeusi, kila kitufe kilichoinuka hujitokeza chenyewe. Alipiga kelele alipoliona hilo. Mikanda ya viti tuliikata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na nyaya tulizinyofoa kwenye redio iliyokufa. Bomba la gundi lililokuwa ndani ya boksi lilikuwa limekauka kama jiwe, kwa hivyo tulitumia ile ya fundi wa viatu, ya manjano, inayovutika, tukiiweka kwa ncha ya kijiti kwa sababu iliyeyusha plastiki ikizidi. Edu aliijaribu kwenye ukingo wa kioo cha kufunikia marubani, pale kilipoungana na fremu, sehemu ya kukatwa baadaye, na papo hapo pakawa peupe kama jicho lenye ugonjwa. Basi kioo tukakiweka kando mpaka tupate gundi isiyokiharibu.

Marubani wenyewe hawakuzidi kidole changu gumba. Edu aliwapaka ngozi ya kahawia kwa kuchanganya vanishi na masizi, akawaketisha, akawafunga mikanda. Wa mbele alikuwa yeye. Wa nyuma, wa kurusha makombora, alikuwa mimi. Tukilala kifudifudi sakafuni, tulichagua wa kulipua. Tulimlipua mwalimu wa hesabu aliyetupiga kwa mpira wa maji. Tulimlipua mwenye ploti. Nami siku moja nikasema tumlipue Baba, pale karakanani, akiwa ameinama kwenye randa. Nilitaja hata mahali kombora lingeingilia. Edu aliacha kupaka. Akasema pilot hapigi kambi yake mwenyewe. Nilimkasirikia kutwa nzima kwa jibu hilo, kwa sababu mgongoni nilikuwa na alama za mshipi wa Jumamosi.

Mama Shiro, jirani wa ukuta kwa ukuta, hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na mpwa aliyepotelea mjini kwenye gundi, na akinusa ile harufu moyo wake ulipaa. Alimfuata Baba karakanani, mchana, mbele ya wateja. “Baba Edu, mimi si mtu wa kuingilia familia ya watu,” alisema, nami nilikuwa mlangoni nikisikia. “Lakini hao watoto wako wananuka gam. Si leo, si jana. Angalia macho ya huyo kijana.” Macho ya Edu yalikuwa mekundu kweli, kwa kuinamia nukta na nyaya. Baba aliweka patasi chini. Alipita karibu nami bila kuniona, akaingia ndani, akamshika Edu ukosi, akanusa fulana yake.

“Ni nini hii unanuka, Wafula?” aliuliza, maana Baba alimwita Edu kwa jina hilo la ukoo.

Kama Edu angejibu palepale, pengine maisha yangekuwa mengine. Lakini alifikiria ile rangi tuliyoiba, akasita, akatazama chini ya kitanda. Baba alikisoma kimya kile kuwa ni hatia. Kofi lilimkuta Edu upande wa kushoto, kiganja kizima juu ya sikio, kiganja cha mtu anayepasua mbao tangu ujana wake, na mlio wake ulikuwa mzito, si ule wa kofi nililolizoea. Edu alianguka kwenye ukingo wa kitanda. Baba akampiga tena, na tena, akimwita chokoraa, akisema hatazika mtoto wa chupa, na sauti yake ilikuwa imepasuka kwa kitu ambacho sasa najua kilikuwa hofu. Sijali. Hofu yake haikumzuia mkono. Mama, aliyekuwa ndio tu ameingia kutoka kazini, aliangusha mfuko wake, akamrukia, akamwuma mkono juu ya kifundo mpaka damu ikatoka, na Baba akamtupa ukutani. Mimi nilitambaa chini ya kitanda, nikalivuta sinia, nikaliinua mbele ya uso wake. “Ni ya ndege!” nilipiga kelele. “Ni gam ya ndege, baba! Angalia! Ni gam ya ndege!”

Aliangalia. Aliona rangi yake ya kijivu, akaona dashibodi, akaona watu wawili weusi wadogo waliofungwa mikanda. Akaketi sakafuni. Damu ilikuwa ikitoka kwenye sikio la Edu, nyembamba, ikifuata shingo, na Edu alikuwa akitikisa kichwa kama anayetaka kutoa maji ndani yake.

Hospitalini daktari alimulika, akamulika tena. “Kiwambo cha sikio kimepasuka vibaya, na ndani pia kumeumia,” alimwambia Mama. “Hii ya kushoto haitasikia tena.” Mama alianza kulia. Edu hakulia. Aliuliza swali moja: “Daktari, pilot anaweza kuwa na sikio moja?” Daktari aligeuka kuandika dawa, akasema kuna kazi nyingi duniani, kijana. Ploti ikaacha kumwita Pilot bila mtu kuwaambia. Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Shiro alisema alipoleta uji, na nilitamani kummwagia uji wenyewe.

Baba hakuomba msamaha. Aliacha kula nasi, akashinda karakanani. Kisha Jumapili moja Mama na Edu walipokwenda kanisani na mimi nikabaki na homa, aliingia akidhani nimelala. Alinawa mikono kwa sabuni. Akatoa sinia, akaketi dirishani, akazishikanisha nusu mbili za ndege kwa gundi ya viatu, kidogo kidogo, akazifunga kwa mpira wa tyubu. Alipotosheka kwamba zimeshika, alichukua gundi yake nyeupe ya mbao, ile ambayo ikikauka haionekani, akaipitisha kwenye ukingo wa kioo kwa kijiti alichokichonga, akakiweka kioo mahali pake, akapangusa masalio kwa kitambaa chenye maji. Alikuwa akipumua kwa mdomo. Sijawahi kuona kazi safi hivyo. Dashibodi, nyaya, nukta zangu, vyote vilionekana ndani ya kioo kisicho na doa, na nilimchukia kwa sababu ilikuwa nzuri.

Edu aliporudi, Baba alikuwa ameiweka ndege juu ya meza ya kazi karakanani, nami nilikuwa nimejikokota na homa yangu hadi mlangoni pake. “Wafula, kuja uone,” alisema. Edu aligeuza kichwa, akamletea sikio la kulia. “Umesema?” Ilibidi Baba arudie. Edu aliitazama ndege kwa muda mrefu, akainama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Nilidhani atatabasamu. Alichukua nyundo ya Baba, akaipiga ndege palepale kwenye chumba cha rubani, akaipiga mpaka plastiki ikawa chembe na mbao ya meza ikabonyea. Baba alisimama. Mkono wake ulipanda hadi begani, nikauona. Edu hakujikinga. Aliweka nyundo chini akainua uso.

“Piga, baba,” alisema. “Moja bado iko.”

Mkono ulishuka. Baba alichukua ufagio, yeye ambaye hakuwahi kuushika maishani mwake, akazoa vipande vyote, hata vilivyoruka chini ya mbao, na hakuna mtu aliyemsaidia. Tangu siku hiyo hakumpiga tena yeyote nyumbani kwetu. Watu wa ukoo humsifu kwa hilo. Mimi siwezi kumshukuru mtu kwa kuacha.

Sasa karakana haipo, na pale ilipokuwa pana ghorofa za kupangisha zilizoziba jua. Mama alitutoka. Edu ni mhasibu Kilimani, na katika duka moja karibu na ofisi yake wanauza ndege zile zile, zikiwa na gundi isiyonuka na brashi za kila unene, na wazazi huwanunulia watoto wao ili watulie nyumbani. Binti yangu hajawahi kuchapwa. Shuleni kwake mwalimu akiinua fimbo huitwa ofisini kujieleza. Shangazi zake husema ataharibika, nami huwajibu vibaya. Sisi tulikuwa watiifu kuliko yeye, sikatai, na tulikuwa waongo kuliko yeye, maana mtoto anayepigwa hujifunza kuficha sinia kabla ya kujifunza kingine.

Kila Jumapili Baba huja kula kwa Edu. Ni mzee, magoti yamechoka, na kutoka mlangoni kiti kilicho karibu zaidi naye ni cha mkono wa kushoto wa Edu. Hajakikalia hata mara moja. Huzunguka meza yote, akishikilia viti kimoja baada ya kingine, mpaka afike upande wa kulia, ndipo aketi na kuanza kuongea. Neno pole halijamtoka hadi leo. Edu anasema kule kuzunguka ndiko pole yenyewe, na kwamba kunamtosha. Sikio si langu, kwa hivyo nanyamaza nampakulia mzee chakula. Lakini kila nikimwona akianza kuizunguka ile meza, ngumi zangu hujikunja zenyewe.