Picha za Kabla ya Saa Mbili

Mke wangu alipiga picha za mtaa mzima miaka thelathini. Mimi nilichonga fremu zake. Yeye mwenyewe hakuacha picha. Kwenye kitambulisho chake kuna msichana wa kabla hatujajuana. Huyo simjui.

Baada ya mazishi nilimchongea fremu ya kusimama, urefu kuzidi upana, mbao ngumu, nikaitundika tupu. Mwezi wa tatu sauti yake nilikuwa nayo bado, hata kikohozi chake. Uso ulianza kunitoroka.

Nilijua jambo moja. Kila asubuhi, kabla ya kufungua studio saa mbili, aliweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akakaa kwenye stuli ya wateja, kamera ikapiga picha yenyewe. Alikuwa anapima mwanga. Nikimwomba moja, alisema, "Achana nazo, nafuta." Labda hakufuta zote.

Kwenye komputa ya studio kulikuwa na picha elfu thelathini na moja, zote majina yake ni namba. Nilifungua moja moja siku tatu. Macho yalitoa machozi, sikufika hata elfu.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, yuko masjala ya hospitali. Alikuja Jumamosi.

"Shemeji, utazeeka mara ya pili hapo. Iandikie amri, ikutafutie yenyewe."

"Nifundishe."

"Sogea nikufanyie. Dakika kumi tu."

"Fremu nimechonga mwenyewe. Na hii nitafanya mwenyewe."

"Dada alisema una kichwa kigumu. Nilidhani anakusingizia."

Alifungua dirisha jeusi kwenye komputa. Hakuna picha, hakuna kitufe, kijistari tu kinachowaka na kuzima. Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na mke wangu, niweze kuandika majina ya wateja nyuma ya fremu. Nikabonyeza kwa kidole kimoja.

"Taratibu, shemeji. Hiyo siyo misumari."

Alinionyesha amri ya kuorodhesha, kisha ya kunakili. "Nakili, usihamishe," alisema. "Ukikosea, za asili zipo." Hilo lilinikaa. Mimi pia ubao wa mteja siukati kabla ya kujaribu kwenye kipande.

Halafu tukaandika amri mstari kwa mstari kwenye faili moja. Kwa kila picha, tazama saa ilipopigwa. Ikiwa ni chini ya saa fulani, nakili kwenye folda mpya.

"Hiyo ndiyo skripti. Ni kama maagizo unayomwachia kibarua, ila huyu hana akili hata chembe. Hiyo saa utaijaza mwenyewe."

Akaenda zake. Asubuhi nne kibarua aligoma. Kila lalamiko lake nililiandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Nafasi imesahaulika. Mabano hayajafungwa. Folda haipo. Nilisahihisha, nikaanza tena.

Siku ya tano hakulalamika. Nikafungua folda. Tupu.

Nilimpigia shemeji. "Alifuta kweli. Zote."

"Pole, shemeji," akasema.

Nilikaa kwenye stuli. Ndipo nikamkumbuka dereva mmoja wa lori. Alikuja mapema na safari yake, mlango nilimfungulia mimi, na saa mbili ilikuwa bado. Picha yake haikufutwa. Alirudi baadaye kuchukua nakala. Basi yake angalau ingetokea kwenye folda. Kosa halikuwa la mke wangu.

Nilisoma skripti kwa sauti, kidole juu ya kila neno, kama mke wangu alivyonifundisha. Nikafika kwenye 2.

Kwenye kona ya komputa paliandikwa 10:20. Moyoni nikasema, saa nne na dakika ishirini. Maisha yangu yote natoa sita bila kufikiri. Na huyu kibarua nilikuwa nimemwambia saa mbili kama ninavyomwambia jirani. Kwake hiyo ni saa ambayo sisi wote tumelala.

Nikafuta 2, nikaandika 8.

Picha mia moja na kumi na saba. Dereva alikuwa wa kwanza. Kisha stuli tupu. Kisha goti na upindo wa kanga. Kisha yeye.

Nilimpigia tena. "Shemeji, dada yako alinidanganya."

"Kakudanganya nini tena?"

"Hakufuta."

Alicheka. "Ulikosea wapi?"

"Saa."

"Wiki ya kwanza kazini nami ilinipata. Nilisingizia mashine."

Nilichagua moja. Anatazama mlangoni, mdomo wazi, ananiambia kitu. Nami nipo nje na fagio, sionekani. Uso wote upo.

Lakini zote zimelala kwa upana. Kamera aliisimamisha wima kwa ajili ya wateja tu. Niliishusha fremu, nikang'oa misumari, nikapima upya.