Begi la chungwa nililolitia rangi nyeusi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Juzi kuna mwenzetu humu aliuliza jinsi ya kutia rangi begi kuukuu la nailoni. Nilianza kumjibu, vidole vikagoma. Nikaona kwanza nitoe hili lililonikaa rohoni tangu enzi za Zaïre. Sijatia chumvi, natamani hata ningekuwa natia.

Mimi ni mtoto wa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Zaïre. Babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, baba akazaliwa Manika, mtaa wa hapo hapo Kolwezi, nami pia.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya tisini, sisi wenye asili ya Kasai tukaambiwa si wa pale, turudi "kwetu". Kwetu gani, wakuu? Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, Kasai sijawahi hata kuiota.

Baba alikuwa na begi kubwa la mgongoni, la nailoni, rangi ya chungwa inayowaka. Alilibeba kazini miaka mingi, likajaa madoa ya grisi. Niliona aibu kufika ugenini nalo.

Basi nikanunua rangi ya unga sokoni. Kwa yule aliyeuliza: lioshe kwanza kwa sabuni mpaka grisi itoke. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, koroga rangi na siki, punguza makaa, kisha lizamishe likiwa limelowa. Ligeuze kwa mwiko kila wakati, la sivyo linatoka na mabaka. Maji yakitokota sana, nailoni inajikunja.

Likatoka jeusi tii! Nyuzi za mishono tu ndizo zilizokataa rangi, zikabaki za chungwa. Mama akasifu. Nilijiona fundi kweli kweli.

Kumbe nilikuwa nimesahau macho ya Kaku.

Kaku ni bibi yangu, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Tukienda naye mahali, baba alitangulia na begi lake mgongoni, naye anafuata. Siku moja alituambia, "Masura yenu siyaoni tena, batoto. Ile saki ya tata yenu njo nafwata." Yaani sura zetu haoni, anafuata lile begi la baba. Tulicheka siku hiyo.

Sikumwambia kwamba nimelibadilisha. Na nyumbani hakuna aliyekumbuka.

Stesheni tulikaa siku nyingi, familia kwa familia, tukilala juu ya mizigo. Kaku alikaa katikati yetu, hakuwa na haja ya kumtafuta mtu.

Asubuhi treni ilipoingia, watu wakaivamia. Baba alibeba begi, mama watoto wadogo, mimi masufuria. Nikamsikia Kaku nyuma yangu, "Saki iko wapi? Batoto, saki iko wapi?"

Nikapiga kelele, "Kaku, kuya huku!" Nilipogeuka sikumwona. Nikajiambia baba amemshika. Baba naye akajiambia yuko nami.

Tulipokuja kugundua, Kolwezi ilikuwa nyuma. Baba alitaka kuruka, wanaume wakamkamata.

Tulishuka Kamina, mji wa njiani, tumngoje hapo, maana kurudi hakukuwezekana. Baba alisimama akingoja kila treni. Mwishowe akashuka mama mmoja wa mtaa wetu, mkononi ana kitambaa cha kichwa cha Kaku. Nilikijua kabla hajafungua mdomo.

Alisema Kaku aliliona begi la chungwa la familia nyingine akalifuata. Wenyewe walimwambia si lake. Akakamata mkanda, akasema, "Ni saki ya mutoto wangu." Wakaacha kubishana, wakamlisha chakula chao. Homa ikamshika, akafia palepale stesheni, mkanda mkononi. Hakutuita hata mara moja, maana alijua yuko nasi.

Baba hakunigombeza. Alipitisha kidole kwenye ile mishono ya chungwa, akaliweka begi chini. Afadhali angenichapa, wakuu. Mpaka leo nasema hivyo.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza, tia rangi begi lako, litapendeza. Ila waulize kwanza watu wa nyumbani kwako. Pengine kuna mtu analitegemea kwa namna usiyoijua.

Na kama humu yupo mtu wa ile familia ya begi la chungwa, au aliyewaona pale stesheni, tafadhali aandike hapa chini. Majina yenu sikuwahi kuyajua. Nataka tu kuwashukuru kwamba mliacha kumwambia begi si lake.