Plasta Juu ya Kamera

Mnicheke taratibu, wasomaji wenzangu. Mimi ni mtu wa kukaa ndani, na tangu nisikie kwamba simu zinatuchungulia, niliapa hakuna atakayeniona nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Nikabandika plasta ya kidonda juu ya kamera.

"Nani ana shida ya kukuangalia wewe?" mke wangu akauliza.

Nikaikandamiza plasta zaidi. Haki ni haki.

Jumamosi mama mkwe akanipigia simu ya video kutoka kijijini kwake Mapera. Kahawa yake imeiva, wachumaji hana, na mimi nilishamtumia ujumbe kwamba malaria imeniangusha. Simu ikanikuta mbele ya ugali na mbasa wa kukaanga. Nikapokea kwa vidole vya mafuta, nikaiegemeza kwenye jagi, macho yakarudi kwa samaki.

"Shikamoo mama," nikasema kwa sauti ya mahututi. "Kamera yangu imekufa, tusikilizane tu."

"Marahaba baba, pole. Lakini unakula?"

"Hata uji haupiti, mama." Nikanyofoa shavu la samaki, nikalitia mdomoni.

Akaisogelea simu yake. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na hicho kidole gumba, umechomwa na mwiba wa huyo samaki?"

Nikatazama kidole. Plasta yangu ilikuwa imehamia pale, imelowa mafuta.

"Kesho kuna gari la asubuhi, baba," akasema. "Njoo nayo hiyo plasta. Matawi ya kahawa yanachuna vidole."