Mama Mkubwa Amechakaa

Mhadhiri mmoja wa uhasibu, wanafunzi walimbandika jina Uchakavu, maana hesabu ya thamani ya vitu inavyopungua kila mwaka ndiyo somo lililomlevya. Ukimsalimia tu, macho yake yameshafika kwenye viatu vyako, anapiga hesabu vimebakiza thamani gani.

Ugonjwa huo aliupata ujanani, akiwa karani kiwanda cha magodoro. Aliona daftarini kiti cha meneja kimeandikwa thamani sifuri, na meneja mwenyewe kakikalia, kitambi hadi mezani. Akajiuliza, kitu kisicho na thamani kinabebaje mzigo wote ule? Akaacha kazi, akarudi darasani. Hajatoka mpaka leo.

Sasa asubuhi ya usaili wa kupanda cheo, kainama kufunga kamba za viatu, suruali ikasema praaa! Nyuma huko. Na suti ni hiyo hiyo. Bahati yake, mama mkubwa wa mkewe, fundi cherehani, alikuwa mgeni wao, na huyo hasafiri bila cherehani.

"Lete hapa, mkwe."

Uchakavu akabaki chumbani na taulo, anafanya mazoezi ya majibu ya usaili mbele ya kioo:

"Mama Mkubwa amechakaa! Anakohoa, anachemka, akianza kelele hanyamazi. Thamani yake sifuri. Nashauri auzwe kama chuma chakavu!"

Cherehani sebuleni ikanyamaza.

"Mkwe," sauti ikaita, taratibu. "Suruali huipati. Nenda na taulo."

Uchakavu akatoka mbio. "Mama, siyo wewe! Ni mashine ya fotokopi ya ofisini!"

"Mashine *imechakaa*. Wewe umesema *amechakaa*. Kiswahili hicho nakijua."

"Tumeipa jina, Mama. Tunaiita Mama Mkubwa."

"Kwa nini?"

Uchakavu akakaza taulo kiunoni. Mkewe jikoni kajiziba mdomo na kitambaa cha vyombo, mabega yanatikisika.

"Kwa sababu… haichoki?"

"Eti haichoki." Mama mkubwa akashona kidogo, akakata uzi kwa meno, akamrushia suruali. "Nimeshona nusu. Ukamseme vizuri mwenzangu. Ukimsema vibaya, uzi utaachia."

Kwenye usaili, Uchakavu kakaa wima kama msumari. Mwenyekiti akauliza, "Hiyo mashine yenu kuukuu, tuiuze chuma chakavu?"

Akajisogeza ajibu. Nyuma ikasema tss.

"Haondoki!" akapiga kelele. "Daftari linasema sifuri, lakini idara nzima inamtegemea yeye! Sifuri ni ya karatasi tu. Kazi anayo!"

Wakatazamana. Mmoja akasema tangu aanze kukaa kwenye usaili hajasikia mtu akiitetea fotokopi kwa jasho.

Akatoka kinyumenyume, anainamisha kichwa kila hatua. Wakamsifu kwa heshima zake.

Nyumbani mama mkubwa kamsubiri mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Nimepata, Mama!"

"Hongera, mwanangu. Vua basi, nimalizie nusu."