Vidole Viwili Chini ya Kitanzi

Watu huniambia nisamehe yaliyopita. Mimi msamehevu sana, muulize yeyote. Mtu akinikanyaga sokoni Darajani namsamehe kabla hajaniomba radhi. Lakini maalim wetu wa fizikia wa kidato cha tatu, wallahi, sijamsamehe, na wala sina haraka.

Baba yangu ni fundi mwashi. Umri wake wote ameumaliza Mji Mkongwe akitengeneza kuta za zamani za mawe na chokaa, zile ambazo mafundi wa saruji wakiziona hukimbia. Alichokithamini kuliko vyote ni timazi lake, pande la shaba lenye ncha, linaloning'inia kwenye uzi, la kupimia kama ukuta umesimama wima. Siku tulipoambiwa tufanye jaribio la uzito unaobembea, vyuma vya skuli vilikuwa vishapotea, nikaliazima timazi la baba.

Jaribio lenyewe si gumu. Unafunga uzito kwenye uzi, unauachia, unahesabu kwenda na kurudi mara ishirini huku stopwochi inakwenda. Ukishapiga hesabu unapata kitu kinachoanguka kinazidi mbio kiasi gani kila sekunde. Vitabu vyote vinasema tisa nukta nane, uwe Chwaka au uwe Uchina.

Stopwochi zilikuwa tano kwa vikundi vitano, ila yenye betri ilikuwa moja tu. Wenzangu hawakuingoja. Desturi ya darasa letu ilikuwa kupika. Unaanza na jibu, unarudi nyuma kwa hesabu mpaka upate sekunde zinazolingana nalo, unaziandika kwenye daftari, unakwenda zako kunywa urojo. Maalim alijua, tena yeye ndiye aliyetufundisha.

Mimi nilikuwa mbishi tangu mdogo. Nikaingoja stopwochi nzima, nikapima uzi sentimita hamsini, nikahesabu mara tatu. Mara zote tatu ikaja sekunde ishirini na tisa na nusu. Nikapiga hesabu, nikapata tisa nukta moja, nikaandika hivyo hivyo.

"Hii nini?" maalim akaniuliza mbele ya darasa.

"Ndivyo nlivyopata, maalim."

Akaliinua timazi kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. "Na hili la baba'ako?"

"Naam."

Akaligeukia darasa. "Sasa nshajua kwa nini nyumba za Mji Mkongwe haziishi kuanguka! Baba fundi, mtoto mwanasayansi, na wote wawili kipimo chao jicho!"

Darasa zima likacheka. Mwenzangu wa dawati moja, niliyekuwa nikimgaia nusu ya mkate wangu kila siku, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha maalim akachukua orodha ya watakaofanya mtihani wa fizikia mwaka unaofuata, akalipiga mstari jina langu. Nilitaka kuwa mhandisi wa majengo, na bila ya fizikia hakuna uhandisi, hilo kila mtu mle ndani alilijua. "Kuanzia leo," akasema, "kazi yako humu kufagia na kufunga kamba."

Sikulia. Nilifagia. Kukatwa jina langu ningevumilia, lakini kumcheka baba yangu, mtu ambaye hajawahi kuacha ukuta umepinda hata unene wa kucha! Kila nilipopitisha ufagio nilisema moyoni, utakiona cha mtema kuni.

Baada ya wiki mbili tukaambiwa anakuja mkaguzi, na atataka kuona jaribio lile lile. Maalim akajitayarisha. Alituandikia ubaoni kila kitu kabla ya siku yenyewe: uzi sentimita mia, mara ishirini, sekunde arubaini nukta moja. "Mtie tofauti kidogo kidogo," akatuusia, "isionekane mumeigizana." Halafu akanitazama mimi. "Na wewe funga kamba, kisha ukasimame kule pembeni."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikafunga nyuzi tano, na nati kubwa ya gari kwenye kila uzi. Sikuzifunga sentimita mia. Nilizifunga themanini na moja, zote sawasawa. Uzi mfupi huenda na kurudi upesi zaidi. Yeyote ambaye angehesabu angeliona hilo, na yeyote ambaye angeweka rula angeliona, na mimi sikumzuia mtu kuhesabu wala kuweka rula.

Mkaguzi alikuwa bi mkubwa mmoja mfupi, amevaa buibui, sauti yake ya pole. Akapita meza kwa meza. Wenzangu walizishika zile stopwochi maiti na kuzibonyeza kwa madaha. Mmoja alikuwa akihesabu kwa midomo, kumi na moja, kumi na mbili, huku nati yake imesimama kimya. Bibi akayasoma madaftari: arubaini nukta moja, arubaini kamili, arubaini nukta mbili. Akatikisa kichwa kuridhika. Halafu akavua saa yake mkononi, akaiachia nati ya meza ya kwanza, akahesabu kwa sauti.

"Thalathini na sita," akasema.

Akarudia. Thalathini na sita. Akenda meza ya pili, vile vile. Akaomba rula, ikachukua muda kupatikana. Akapima.

"Themanini na moja. Maalim, wasichana wako wamepima nini?"

Maalim akaninyooshea kidole. "Aliyefunga kamba ndiye aliyeharibu, bibi. Yule pale."

"Binti, wewe ndiye uliyefunga?"

"Naam."

"Ulijua ni themanini na moja?"

"Nlijua, bibi."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza. Nlikuwa nangoja wapime."

Astaghfirullah, raha niliyoipata! Niliitazama shingo ya maalim ikirowa jasho mpaka kola ikabadilika rangi, nikaona bora siku ile isingekwisha. Bibi akaomba daftari langu, akaiona tisa nukta moja na zile hesabu tatu juu yake. "Huyu ndiye pekee aliyehesabu humu ndani," akasema, na jina langu likarudishwa kwenye orodha pale pale, kwa mkono wa maalim mwenyewe. Darasa zima likaamriwa kurudia majaribio yote ya mwaka kila Jumamosi. Mwenzangu wa dawati alilia, akaniita mchawi. Nikamwambia, cheka basi.

Mchana ule nilikimbia mpaka nyumba aliyokuwa akiijenga baba. Akashuka jukwaani na chokaa mpaka kwenye nyusi, nikamhadithia. Kwenye themanini na moja alicheka kweli kweli. Kisha akauliza, "Ile ya mwanzo, uzi uliupima kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka msumari mpaka kitanzi cha timazi."

Akalichukua timazi, akalilaza juu ya kidole chake cha shahada, akalisogeza mpaka likatulia bila ya kuanguka upande wowote. Kidole kilikuwa tumboni mwa shaba, vidole viwili chini ya kitanzi.

"Uzito wake unakaa hapa, mwanangu. Ulipaswa kupima mpaka hapa; kipimo chako kilikuwa kifupi kwa vidole viwili. Namba yako ilikuwa mbovu." Akalifunga timazi kwenye kitambaa chake. "Kamwambie maalim wako. Alitukana, lakini kwenye namba hakukosea."

"Naam, baba," nikasema.

Sikwenda. Baada ya mwezi maalim akahamishiwa skuli ya shamba, nami nikafanya mtihani, na leo ni mhandisi.

Mwaka huu nilimkuta Bububu, anakokaa sasa, kwenye foleni ya mkate. Amezeeka.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba." Alinijua mara moja. Akanivuta pembeni, na akanisemesha kama mtu aliyeningoja miaka. "Nimestaafu. Nimefunga uzi barazani kwangu, nahesabu mwenyewe sasa. Mara mia pengine nshahesabu. Kila siku tisa nukta nane. Ile tisa nukta moja yako sijaipata hata siku moja. Hebu niambie, mwanangu, ulipimaje?"

Vidole viwili tu ningemwonesha, angelala usingizi. Nikaisikia ile sauti ya darasa zima likicheka.

"Nilihesabu, maalim. Nilichokiona ndicho nilichoandika."

"Hukukosea pahala?"

"Sikukosea."

Akatikisa kichwa, akasema basi atajaribu tena.

Nyumbani baba alikuwa amekaa barazani. Akaniuliza, kama anavyoniuliza kila nikitoka Bububu, iwapo nimemwona maalim wangu. Nikamwambia sijamwona, nikampa mkate wake ungali moto.