Maneno Waliyompa Alma

Mke wangu Alma alikuwa mfumaji. Uzeeni alitaka kitu kimoja tu: afie nyumbani kwetu, kwenye kiti chake cha dirishani. Kidogo wamnyime. Hilo ndilo ninaloandika. Mimi si mtu wa kalamu, nimebeba makaa ya mawe maisha yangu yote.

Kiwanda cha nguo aliingia akiwa msichana. Mitambo mia kadhaa ukumbi mmoja, kelele mpaka sakafu inatetemeka. Humo hakuna anayemsikia mwenzake. Wafumaji waliongea kwa midomo bila sauti, wakiipanua sana, na uso mzima, na mikono kidogo. Umbea wote wa mji ulipita humo. Ukitaka kumsengenya Alma ilibidi umpe kisogo, maana alikusoma mdomo kutoka ng'ambo ya barabara. Masikio yenyewe mitambo iliyala mapema.

Kisha viwanda vikafungwa. Winnie Duckworth, aliyefuma kwenye mtambo jirani na wake, alikaa nyumba inayotazamana na yetu. Kila asubuhi baada ya chai, kila mmoja dirishani kwake, wanaongea. Alma hakwenda pale bila kuvaa meno yake ya bandia. "Bila meno Winnie anasema namung'unya," aliniambia.

Wakaja watu wapya mtaani. Wao waliona bibi kizee anachezesha mdomo kwenye kioo. Kwetu mtu hasemi moja kwa moja kwamba fulani ni mwehu. Anazunguka. Alma aliwasoma wote, na jioni akaniletea maneno yao mezani pamoja na viazi.

"Wilf, leo nimepata jipya."

"Haya."

"Yule bibie wa nyumba namba tisa. Eti kikapu changu cha mandari kimepungua sandwichi moja."

"Moja tu? Kakuheshimu."

"Na mumewe naye: taa zinawaka, wenyewe hawamo." Alicheka mpaka akashika meno yasidondoke. "Juzi eti nina popo kwenye mnara. Lakini hakuna aliyenipa ufagio. Mama yangu angesema huyu chizi kama ufagio, basi, yamekwisha. Hawa hata kutukana hawajui."

Kwa nini ufagio, sijui. Ndivyo tulivyokuta wazee wanasema.

Winnie alikufa Februari. Alma alimwosha kwa mikono yake. Siku ya pili baada ya mazishi akanywa chai, akavaa meno, akaenda dirishani. Nyumba ya ng'ambo ilikuwa tupu, hata pazia hamna. Akaanza kuongea.

Tangu hapo hakuniletea maneno mezani. Nami niliogopa. Nilikaa na kikombe changu nikitazama kisogo chake.

Wa namba tisa wakapiga simu. Si kwa ubaya, nadhani. Halmashauri ikamleta muuguzi, Bi. Sugden, na mwanamke mwingine wa ofisini. Walikuja kuona kama Alma anafaa kuachwa nyumbani au apelekwe nyumba ya wazee. Waliuliza leo ni siku gani, mwaka gani. Akajibu. Wakasimama karibu na mlango, wa ofisini akamnong'oneza mwenzake. Mimi sikusikia kitu.

"Hazijamwagika," Alma akasema kutoka kitini.

"Nini, mama?"

"Gololi zangu za kichwani. Mwenzako kasema zimemwagika. Zipo zote, mwanangu. Na huko kwa wazee siendi."

Yule wa ofisini akatazama viatu vyake. Bi. Sugden akarudi, akavuta kiti, akakaa pale Alma anapoweza kuona mdomo wake.

"Basi niambie, mama. Pale dirishani unaongea na nani?"

"Na Winnie."

"Yuko wapi Winnie?"

"Kaburini, kule juu ya kilima. Nimemwosha mwenyewe, nisijue?" Akamtazama. "Mama yako yu hai?"

"Hapana."

"Huendi kaburini kwake?"

"Naenda."

"Ukifika unanyamaza?"

"Namwambia mambo yangu," akasema.

"Anakujibu?"

Akatikisa kichwa.

"Wangu naye hajibu. Ila magoti yangu hayapandi kile kilima. Nasemea hapa hapa."

Bi. Sugden akavuta kikombe cha chai niliyomkaribisha alipoingia akaikataa, akainywa ikiwa imepoa. Hakuja mtu kumchukua Alma.

Usiku ule aliniambia, "Na wewe ulidhani hivyo hivyo, mzee."

"Kidogo."

"Kula viazi."

Aliishi mpaka majani yakaanguka. Alikufa kwenye kiti chake, nikiwa naosha vikombe. Meno nilimwachia, akazikwa nayo.

Sasa asubuhi nakunywa chai, navaa meno yangu, nakaa pale. Najua Alma yuko wapi. Kile kilima nami siku hizi kinanishinda. Mdomo wangu haujui kupanuka vizuri kama wa mfumaji, lakini naujaribu. Namwambia mvua, bei ya samaki, nani kafa.

Wiki hii nyumba ya Winnie imepata mtu, mama wa makamo kutoka Colne, mji wa jirani, mwenyeji wa huku kwetu. Jana alikuwa anatundika pazia. Akaniona. Akageuka nusu, akamwambia mumewe kitu. Mimi si msomaji kama Alma. Lakini kile kinywa kilifunguka vizuri, cha watu wetu, na neno la mwisho nililiona lote.

Nilingoja amalize pazia lake.

"Alma," nikasema, "leo nimepata. Ufagio."